Mkate wa Kwenye Ndoano

Kila asubuhi Rifat, waziri mstaafu wa fedha, alinunua mikate miwili dukani kwa Nermin. Mmoja aliondoka nao. Wa pili aliutundika kwenye ndoano ukutani, kama ilivyo desturi ya mji ule, ili asiye na kitu auchukue bila kuomba. Nermin alitamani sana kujua kwa nini mzee huyo hakukosa hata siku moja.

Kwa desturi hiyo, mtoaji na mchukuaji hawaonani. Lakini asubuhi moja, kabla mkate haujafika ndoanoni, aliingia Hikmet, fundi wa zamani wa kiwanda cha sukari, kuuchukua. Mkono wa Rifat ukabaki hewani.

“Tundika tu, mheshimiwa,” Hikmet alisema. “Au na huu umeshaubinafsisha?”

Nermin aliinamia unga akijifanya hasikii.

“Kiwanda nilikiuza mimi,” Rifat alisema taratibu.

“Nchi nzima inajua. Magazeti yalisema umetuokoa.”

“Na ningekiuza tena.” Akamnyooshea mkate. Hikmet akaushika, lakini Rifat hakuuachia. “Ila siku ile nilipotia saini, sikuuliza ninyi mtakaopoteza kazi mtakula nini. Nilipaswa kuuliza.”