Kibogoyo

Ngumi ya kwanza ilimpata mdomoni, na mume wa shangazi akaangukia cherehani. Mkasi, futi na nyuzi vikatawanyika sakafuni.

"Sema!" kijana alifoka. "Toka nje uwaambie watu kwamba ulikuwa unampiga shangazi!"

Mzee alitema damu. Hakukinga hata uso. Mikono yake yote miwili ilikuwa imeshika ukosi wa shati, kama mtu aliyebanwa na baridi, na nje jua lilikuwa linawaka.

Kijana alikuwa fundi wa kunyoosha bodi za magari, na mkono wake ulikuwa mzito. Ngumi ya pili ilichana nyusi. Ya tatu ilitua mbavuni, na hapo ndipo mzee alipotoa sauti.

"Piga usoni, mwanangu," alisema akihema. "Shati liache. Kwa heshima ya marehemu."

Hilo ndilo lililomtia kijana wazimu. Shati! Shangazi kazikwa jana, na huyu anahurumia shati. Mtaani walimwita Mzee Vifungo, maana mvua inyeshe, jua liwake, yeye na mikono mirefu, kafunga mpaka kifungo cha kooni. Watu walisema anaringia ufundi wa mkewe, mshonaji.

Shangazi ndiye aliyemlea kijana tangu wazazi wake walipofariki. Hakujaliwa mtoto, akamfanya yeye kuwa wa kwake. Kila asubuhi alimpigia sare pasi kwa ile pasi yake ya mkaa, iliyomeguka ncha siku ilipoanguka mlangoni. "Msimcheke Kibogoyo wangu," alikuwa akisema. "Hana jino, lakini anatafuna." Siku moja alimsahau Kibogoyo juu ya shati la shule, likabaki na alama ya kahawia kifuani, umbo zima la pasi lenye pengo kwenye ncha. Shangazi alilia kuliko mwenye shati. Kisha akashona mfuko juu ya ile alama, mfuko mzuri wa kifuniko, na darasa zima likamwonea kijana wivu.

Mwanamke wa namna hiyo ndiye aliyeteswa ndani ya chumba hiki. Muuza maziwa, jirani wa ukuta kwa ukuta, alimnong'oneza kijana jana wakitoka makaburini. "Tumesikia mengi, mwanangu. Vishindo, viti kuanguka, mtu akilia na kuomba msamaha. Asubuhi shangazi yako huyo, anatoka kiganja kimefungwa kitambaa."

Kitambaa kile kijana mwenyewe alikuwa amekiona. Alipouliza, shangazi alitabasamu. "Pasi imeniuma. Ya ndani yaache ndani, baba. Siri ya mtungi aijuaye kata." Daktari alisema moyo umesimama wenyewe. Kijana hakukubali. Moyo kama ule, aliamini, husimamishwa na mtu.

"Alikupenda sana," mzee alisema kutoka sakafuni. "Wewe baki na hilo tu."

"Usimtaje!"

Teke lilimbiringisha mpaka miguuni pa meza. Waombolezaji waliokuwa uani walikuwa wameanza kujazana mlangoni. Muuza maziwa alipiga ukunga, lakini hakuna aliyethubutu kuingia. Vizuri, kijana aliwaza, mashahidi wawepo. Machozi yalikuwa yakimtoka bila kizuizi. Alimtaka shangazi yake, na kwa kuwa asingempata tena, alitaka mtu alipe. Akatupa macho huku na huku akitafuta kitu kizito kuliko ngumi. Kibogoyo alikuwa pale juu ya rafu, kapoa, jivu la mwisho bado limo tumboni. Akamshika kwa mpini, akamwinua.

Mzee, aliyekuwa hajakwepa pigo hata moja, aliiona ile pasi. Akajisukuma chini ya meza, magoti kifuani, meno yakigongana.

"Nimekosa, mama," alilia. "Nimekosa. Sirudii tena."

Kijana hakuyashika maneno, alisikia kilio tu. Aliinama, akamkamata ukosi kwa nyuma, akamvuta kwa nguvu zake zote. Vifungo vikaruka kimoja baada ya kingine, na shati likachanika kutoka shingoni hadi kiunoni. Mlangoni, muuza maziwa akanyamaza katikati ya ukunga.

Mgongo wa mzee haukuwa na mahali pazima. Alama zilikuwa zimepandana, za zamani nyeusi, za karibuni nyekundu, moja ya begani bado mbichi. Zote zilikuwa za umbo moja, na ncha ya kila moja ilikuwa na pengo.