Ribiti Kumi na Nne za Nguzo ya Tatu

"Sisogei," bibi alisema, akaegemea nguzo ya tatu ya daraja kama mtu aliyefika kwake.

Wageni wa ziara, kumi na mmoja kwa hesabu, walikwama nyuma yake kwenye kijia chembamba cha chini ya daraja. Nafasi ya kumpita haikuwepo. Mjukuu wake, mwalimu wa shule ya msingi, alimvuta mkono wa sweta.

"Bibi, tunaaibika."

"Aibika wewe. Mimi hata sijaanza."

Mjukuu ndiye aliyeleta maneno. Juma lililopita alileta darasa lake kuona daraja, akarudi na kichekesho cha Mjusi, akakisimulia mezani. Bibi aliacha kula. Asubuhi alidai apelekwe.

Mjusi, kwa maelezo ya mwongozaji, alikuwa fundi wa kupima ribiti, ile misumari minene inayoshikanisha vyuma vya daraja. Alitambaa juu bila kamba, akigonga kila kichwa kwa nyundo ndogo na kutega sikio. Siku sita kabla ya ufunguzi akaingiwa na woga, akatupa nyundo, akatoka mbio. Hapo wageni hucheka.

"Rudia," bibi alimwambia mwongozaji. "Mjusi alikimbia nini?"

"Urefu, bibi. Alishikwa na kizunguzungu."

"Ametambaa huko juu miezi tisa, kizunguzungu kimshike wiki ya mwisho? Kilikuwa likizo?"

Wageni walicheka, na safari hii hawakumcheka Mjusi.

"Bibi, tuna ratiba," mwongozaji alisema.

"Ratiba itangoja. Sitoki hapa mpaka uinyooshe hadithi yako." Alipitisha kiganja kwenye chuma cha nguzo, polepole, kichwa baada ya kichwa. "Hizi kumi na nne, mbona vichwa vyake vinene kuliko vya wenzake?"

"Hilo ni pambo. Injinia mkuu alipenda mambo mazuri. Ni huyu." Mwongozaji aliinua picha ya mtu mwembamba, amevaa tai.

"Pambo chini ya daraja, la kuwapendeza samaki?"

Mwongozaji aliishusha picha.

"Ribiti iliyokaza ukiigonga inalia kama kengele," bibi alisema. "Iliyolegea inakohoa. Hapa zilikohoa zote kumi na nne. Mjusi akaamriwa azitie chaki kwamba ni nzima, kwa sababu kadi za mwaliko zimeshatumwa. Akakataa. Akaambiwa atii au aondoke. Akaiweka nyundo chini, hakuitupa, akaondoka kwa miguu yake, tena taratibu. Siku mbili baadaye ndipo zikang'olewa kimyakimya, zikapigiliwa hizi nene. Leo unasimama chini yake unamwita mwoga."

Mama mmoja wa nyuma alitazama juu, kwenye magari yaliyokuwa yakipita, kisha akatazama zile ribiti.

Mwongozaji alizima kipaza sauti chake. Alipofungua kinywa, ule ucheshi ulikuwa umemwisha.

"Nisamehe, bibi. Sikujua kwamba Mjusi alikuwa mume wako."

"Mume wangu ni huyo uliyemshika mkononi, mwenye tai," bibi alisema. "Na tukiwa wawili, mpaka anaingia kaburini, hakuniita jina lingine ila Mjusi."