Kidogo Kiasi Gani

Kesho asubuhi Bi Mwanahalima angeanza kufundisha kutarizi kofia kwa mtandao, yeye aliyezoea kumshika mwanafunzi vidole. Ili ajipime, alimweka mumewe, Mzee Shali, chumbani na simu, sindano na kitambaa. Mwenyewe akabaki sebuleni, simu yake imeegemea chupa ya chai.

"Vuta uzi kidogo."

"Kidogo kiasi gani, mke wangu?"

Miaka yote mkono wake ndio uliojibu swali hilo.

Shali akavuta, kitambaa kikajikunja. Bi Mwanahalima akainuka kwenda kumshika, akafika mlangoni, akarudi. Akaikalia mikono yake.

"Fumua. Sasa vuta kama unamfunika shuka mtoto aliyelala."

Kwenye kioo cha simu, sindano ya Shali ilisimama hewani, kisha ikaanza kushuka taratibu.