Mkaguzi Asiyekubali Kitu

Mganga mkuu wa hospitali alikuwa analia, na mkaguzi wa bima aliyapenda machozi ya wateja. Yalimrahisishia kazi.

"Ni wezi tu, bwana mkaguzi," mama yule alisema, akionyesha kompyuta zilizogoma hospitali nzima. Kila kioo kilikuwa na maandishi yaleyale: lipeni, au hamtaona faili la mgonjwa hata mmoja. Kwenye korido wauguzi walikuwa wakiandika majina ya wagonjwa kwenye maboksi ya glavu. Upasuaji ulikuwa umesimama. "Tuna bima ya wizi wa mtandaoni. Msipotulipa, tunafunga milango."

Mkaguzi alipiga mwayo bila kuziba mdomo. Tangu aanze kazi hakuwahi kukubaliana na mteja. Mteja akisema ajali, yeye husema uzembe. Akikiri uzembe, yeye husema hujuma. Ndivyo alivyopanda vyeo, na kila cheo kilimwongezea dharau. Hata huyu mganga, na elimu yake yote, alimwona mbumbumbu tu.

"Wezi gani wanaoisimamisha hospitali?" alisema. "Hawa wanataka kutia nchi nzima hofu. Huu ni ugaidi, mama. Na bima ya wizi hailipi ugaidi. Kasome mkataba wako."

"Ugaidi? Jamani! Hawa ni wahuni tu!"

"Usinifundishe kazi."

"Kwani una hakika?"

"Kama ninavyolijua jina langu."

"Ungethubutu kuwaambia hivyo waandishi wa habari? Wamejaa pale getini."

Mkaguzi akacheka. Eti anatishwa na kamera! Alitoka, akaweka tai yake sawa, akatamka mbele ya maikrofoni zote kwamba kampuni yake imechunguza na kuthibitisha: hospitali imeshambuliwa na magaidi, hakuna shaka hata chembe.

Aliporudi kuchukua mkoba, alimkuta mganga mkuu amekwishafuta machozi, anaongea kwa simu na ofisi ya kampuni ileile ya mkaguzi.

"Ndiyo, dada, bima yetu ya pili tuliikata hapohapo kwenye kampuni yenu, kwa wale mawakala wa ghorofa ya chini," alikuwa akisema. "Hapana, ile ya wizi achaneni nayo, ni ndogo. Tunadai ile kubwa, ya ugaidi. Ushahidi? Hebu washa redio."