Pampu ya Usukani

Boliti ya mwisho ilikataa kutoka. Spana ikateleza, vifundo vya binti vikagonga chuma, ngozi ikachubuka. Akauma meno asipige kelele.

"Yuko wapi?" akauliza.

"Bado yuko kwa kinyozi," mama akajibu kutoka getini, shingo ameitoa nje kama twiga. "Wanabishana mpira. Lakini fanya hima, mwanangu. Kichwa chenyewe cha baba yako kina nywele za kuhesabu."

Siku nyingine wangecheka.

Hakuna aliyewahi kuligusa gari lile bila ruhusa ya baba. Alikuwa dereva maisha yake yote, kwanza wa mabasi, kisha wa malori, na alipostaafu akafundisha nusu ya mtaa kuendesha. Boneti aliifungua yeye, akaifunga yeye. Msaidizi wake pekee alikuwa binti huyu, ambaye tangu utotoni alimwita Spana, kwa kuwa alizijua saizi za spana kabla hajaijua a-e-i-o-u.

Wiki hiyo gari lilikwangua ukuta wa jirani, hatua moja tu kutoka alipochuchumaa mtoto akichezea mchanga. Baba alishuka. "Usukani umeshika," alisema. "Pampu imekufa." Mtaa mzima ukampa pole.

Na Jumatatu alikuwa ameahidi kuwapeleka shule wajukuu, watoto wa Spana. "Pampu nitaishughulikia mwenyewe," alisema mezani, "na babu atawaendesha kama wafalme." Mgongo wake haukumruhusu tena kuinamia injini, na kinywa chake hakikumruhusu kusema hivyo. Ndiyo maana wakamvizia aende kunyoa.

Boliti ikaachia. Spana akaichomoa pampu, mafuta yakatiririka kwenye beseni. Akaiviringisha kwenye kitambaa, akaisukuma chini ya gari, kisha akatoa nyingine kwenye mfuko wa plastiki. Aliinunua kwa muuza vyuma chakavu. Yule bwana alimuuliza mara mbili kama ana hakika, naye akamjibu kwamba yeye amelelewa na pampu.

"Unaiamini hiyo?" mama akanong'ona.

"Haitaniangusha."

"Na baba yako akijua?"

"Hatajua."

"Njia ya mwongo fupi, mwanangu."

"Basi tuombe tufike kabla haijakatika."

Akaipachika. Akafunga boliti moja baada ya nyingine, akarudisha mipira ya kupitishia mafuta, akauvuta mkanda mpaka ukakaa kwenye puli. Jasho lilimwingia machoni, hakuwa na mkono safi wa kulifuta.

Mama akakohoa. Akakohoa tena, kwa nguvu, kikohozi cha mtu asiye na mafua.

Baba alikuwa amesimama getini. Ubishi ulikuwa umemshinda, akamwacha kinyozi na wembe mkononi. Upande mmoja wa kichwa uling'aa, upande wa pili bado ulikuwa na mvi zake.

"Unafanya nini kwenye gari langu?"

"Nabadilisha pampu ya usukani, baba. Si ndiyo uliyosema ilikuponza?"

Baba akaitazama boneti iliyo wazi. Akamtazama binti, kisha akamtazama mama, aliyekuwa ghafla amezama kuchunguza kucha zake.

"Ndiyo," akasema mwishowe. "Ndiyo hiyo."

Akasogea. Akaingiza mkono chini ya boneti, akaizungusha puli polepole kwa vidole viwili, sikio amelitega, kama alivyomfundisha Spana zamani kwamba chuma nacho husema. Baba akaizungusha tena. Kisha akamnyang'anya spana mkononi, na moyo wa binti ukadondoka hadi kwenye ndara.

Lakini baba aliinama, akaguna kwa maumivu ya mgongo, akakaza boliti ya mkanda nusu mzunguko.

"Umelegea huu. Nilikufundisha hivi?"

"Samahani, baba."

"Jaza mafuta."

Akapanda kitini, akawasha. Injini ikaitika, na ndani yake ukatoka mlio kama wa mtu anayesaga mawe. Baba akaushika usukani, akaukata kulia. Mikono iliyowahi kugeuza mabasi kwenye kona za milimani ikakakamaa, mishipa ya shingo ikasimama. Usukani ukasogea upana wa kiganja. Akajaribu kushoto, akaulalia kwa kifua kizima. Ukagoma.

"Acha, baba," Spana akasema. "Utajiumiza. Labda ni mfumo mzima umekufa."

"Gari nalo ni kiumbe," mama akadakia haraka. "Limechoka, baba watoto. Kuchoka si aibu."

Baba akazima injini. Akapitisha kidole gumba kwenye usukani, macho yakiwa kwenye kioo cha mbele. Kisha akashuka, mguu mmoja, halafu wa pili, akamsogelea mpaka binti akasikia harufu ya poda ya kinyozi.

"Pampu iliyooza namna hii," akamnong'oneza, mama asisikie, "umehangaika wapi kuipata?"

Baba akamshika ule mkono uliochubuka, akaufungua, akauweka ufunguo wa gari kiganjani.

"Jumatatu wapeleke wewe. Ila kwanza nirudishie ile pampu yangu. Haijawahi kuwa na ubaya wowote."