Kura ya Baba Zamda

Sheria ilikuwa wazi: shabiki akifa, sauti yake hubaki kwenye redio ya nyumbani ikiendelea kubishana, hadi kocha aliyekuwa akimjadili aondoke. Hapo huzimwa. Baba Zamda alikufa akimponda yule kocha Mreno wa timu ya taifa, na mwaka wa sita huu alikuwa bado anamponda.

"Tumepigwa nne bila, Mama Zamda! Hivi nchi nzima hakuna mzawa wa kutufundishia timu?"

"Wapo," alijibu Hidaya, mjane wake, huku akimenya muhogo. Mpira wenyewe hakuwahi kuupenda.

"Kura ya kocha imefunguliwa. Mimi mkono sina, nibonyezee. Aende kwao!"

Hidaya alijifuta mikono kwenye kanga, akainuka. Redio ilikuwa na vitufe viwili vya kura, "aende" na "abaki". Alibonyeza cha "abaki" mara mbili, kura yake na ya mumewe, kama kila msimu.

"Umenibonyezea?"

"Nimekubonyezea, Baba Zamda."

"Ahsante, mke wangu. Safari hii hachomoki."

Hidaya alirudi kwenye muhogo wake.

"Haya, niambie tena," alisema. "Kosa lake hasa ni lipi?"