Kuku Weupe wa Misunkumilo

Nyanzala alikuwa akiwapaka kuku masizi. Alimbana mmoja mmoja mapajani, akamsugua mgongo kwa masizi ya chungu yaliyochanganywa na mafuta, kisha akamwachia. Walikuwa wazito mno, hata kukimbia hawakujua.

"Mayu, unafanya nini?" Manyanda, mwanawe, alisimama mlangoni mwa banda akicheka.

"Nawapunguzia weupe."

Alikuwa amemwonya mwanawe tangu mwanzo. Bwana mifugo alipokuja Misunkumilo kueleza habari za kuku wa nyama, Nyanzala alishikilia kuchi, kuku wa kienyeji: mrefu, mwenye minofu, na ana rangi ya kuku. Manyanda akasema kumsubiri kuchi akue ni kuzeeka bure. Yeye alitaka wa kisasa, weupe, wanaofika sokoni Mpanda baada ya wiki nane. Vifaranga wakaletwa kwa treni kutoka Tabora, ndani ya maboksi, bila mama. Kuku gani hao wasio na mama?

Halafu ugonjwa wa kideri ukapita. Kitongoji kizima hakikubaki na jogoo wa kuwika. Kuku wa Manyanda hakufa hata mmoja, walizidi kunenepa tu.

"Ni chanjo, mayu. Niliwatilia kwenye maji ya kunywa. Na hao majirani niliwaambia wachanje, wakanicheka. Sikio la kufa halisikii dawa."

"Unatia dawa kwenye maji, kuku wako wanapona, wa wenzio wanakwisha. Hebu jisikilize, baba."

Manyanda akacheka tena.

Nyanzala aliogopa, wala hakuona haya kuogopa. Alikuwa mjane, mzee, macho mekundu kwa miaka mingi ya moshi wa samadi. Kule Usukumani walikotoka, dada yake alikuwa na macho kama hayo, watu wakamwita mchawi, wakamfuata nyumbani kwake asubuhi, jua limeshatoka, wakiwa na mapanga. Nyanzala ndiye aliyemzika.

Kwa hiyo kila alipokwenda alijitetea kabla hajaulizwa. Kisimani alisema kuku si wake. Kanisani alimshika mkono jirani yake Skolastika, akamwapia kwamba bandani haingii, hajui wanalishwa nini, yote anayajua Manyanda. "Mimi nilitaka kuchi," alirudia, mpaka watu wakawa wanaitikia kabla hajamaliza.

Sasa mbwa walibweka. Nyanzala akachungulia uani. Wanaume wapatao ishirini walikuwa wanakuja, mapanga mkononi, mbele yao Mwandu, mzee wa kitongoji. Hakuna aliyepiga hodi.

"Rudi ndani, baba," alimwambia Manyanda. "Wamenijia mimi. Usitoke hata nikikuita."

Akamsukumia mwanawe ndani ya banda, akasimama mlangoni, mwili mzima ukimtetemeka. Akafumba macho, angalau wasiuone wekundu wake. Nyayo zilifika, zikasimama mbele yake. Alingoja pigo la kwanza.

"Shikamoo, mayu," alisema Mwandu, kwa upole kabisa. "Usitetemeke, hakuna wa kukugusa. Mara ngapi umetuambia kwamba hao kuku si wako? Sogea hapo mlangoni, tumemfuata mwenyewe."